JINA LA MAHALI NI MALI YA WENYEJI

(Hotuba ya vijana wa Chama, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa ya kusimama mbele yenu siku ya leo. Tulipopata habari kwamba tutapewa nafasi, tulikutana jioni tatu ili tuchague neno moja la kusema, maana tulijua kuwa hatutapewa muda wa maneno mengi. Umri wetu ni kati ya miaka 14 na 18, na sote twaishi Kibera. Neno letu ni hili: sifa ya Kibera hutungwa na watu wasiolala humo, na sisi tulalao humo ndio tunaoilipia.

Wazee wanajua kuliko sisi jinsi mahali hapa palivyoanza. Askari Wanubi wa King's African Rifles walikaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, maana yake msitu. Leo msitu hakuna, bali kuna vijiji: Makina, Lindi, Kianda, Gatwekera, Silanga, Laini Saba na vinginevyo, na kila kimoja kina mambo yake. Lakini mgeni akija na kamera yake, vijiji vyote huwa kitu kimoja, yaani mabati, mtaro na mtoto asiye na viatu. Wahenga walisema kweli kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi twaongeza kwamba hata raha ya kitanda hicho huijui.

Tazameni jambo la hesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa na kuandikwa kwamba Kibera wanakaa watu milioni moja au zaidi, na kwamba ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote katika Afrika. Serikali ilipohesabu watu mwaka 2009, ilipata watu 170,070. Mtu aweza kubisha kwamba wengine hawakuhesabiwa, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno. Hata hivyo, ile milioni ingali ikitajwa mpaka leo. Sisi twadhani sababu yake ni kwamba hesabu kubwa humvuta msomaji, na pia humvuta mtoaji wa msaada. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo la pili ni la uchaguzi wa Desemba 2007. Katika fujo zilizofuata, nyumba zilichomwa hapa, watu waliuawa, na mwezi wa Januari 2008 vijana waling'oa reli ipitayo katikati yetu. Hayo ni kweli, wala hatutaki yafichwe. Lakini wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Picha za siku zile zilizunguka dunia nzima, na mpaka leo tukikutana na wageni, wengine hutuuliza habari za reli kabla ya kutuuliza majina yetu. Siku ambazo hapakuwa na fujo hazikupigwa picha, nazo ni nyingi zaidi.

Sasa tuseme gharama yake. Mmoja wetu alikwenda kuomba kazi ya likizo katika duka moja mjini. Aliulizwa maswali, akayajibu vizuri, mpaka alipoulizwa anakaa wapi. Alipojibu, yule bwana alifunga daftari lake, akamwambia kwamba ataitwa. Hakuitwa. Tangu siku hiyo baadhi yetu tumejifunza kuandika "Barabara ya Ngong" badala ya Kibera. Twakiri jambo hili mbele yenu kwa haya. Kijana akikana mahali alipolelewa, amemkana na mama yake auzaye mandazi hapo alfajiri ili alipe karo.

Hatusemi kwamba kutazamwa ni ubaya mtupu. Filamu iitwayo The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa kwa sehemu hapa Kibera, na baadaye walioitengeneza walianzisha mfuko wa kusaidia elimu. Twashukuru kwa hilo. Tena, bila waandishi wa habari, nani angejua upungufu wetu wa maji na vyoo? Mtu anayesema shida yetu kwa kweli ni rafiki yetu. Tunachokataa ni shida hiyo kufanywa ndiyo jina letu.

Wako pia wenyeji waliokwisha kutuonyesha njia. Mwaka 2007 redio ya Pamoja FM ilianza kusema na watu wa Kibera kutoka Kibera kwenyewe. Mwaka 2009 vijana wa hapa walitembea vichochoroni na vyombo vya kupimia, wakachora ramani ya shule, zahanati, vyoo na visima vya maji, mahali ambapo katika ramani za watu wote palikuwa kama peupe. Hawakungoja kuelezwa na wengine, walijieleza.

Bwana Mwenyekiti, neno la mwisho ni gumu, nasi twaomba radhi kabla ya kulisema. Katika kitabu cha taarifa ya Chama cha mwaka uliopita kuna picha ya mtoto aliyesimama kando ya mtaro. Hana jina. Chini yake pameandikwa kwamba huo ndio umaskini wa Kibera. Mtoto huyo twamjua. Siku ile alikuwa anatoka kucheza mpira, naye ni wa pili darasani mwake. Mama yake hakuulizwa. Twajua kwamba picha ile iliwekwa kwa nia njema, ili fedha za msaada zipatikane. Lakini ikiwa hata sisi wenyewe twajitangaza hivi, tutamlaumu vipi mgeni?

Kwa hiyo twaleta maombi matatu. Kwanza, mtu asipigwe picha kwa ajili ya vitabu vya Chama pasipo idhini yake, na akiwa mtoto, idhini ya mzazi wake. Pili, kila picha iandikwe jina la kijiji na kazi inayofanyika hapo. Tatu, kurasa mbili za taarifa ya mwaka ujao tupewe sisi vijana, tuandike mambo ya vijiji vyetu, mazuri na mabaya, tukiyatia sahihi kwa majina yetu.

Nasi kwa upande wetu twaahidi jambo moja. Kuanzia leo, tukiulizwa twakaa wapi, tutajibu Kibera.