Akibisha Alfajiri, Usimrudishe

Ndugu zangu katika Uislamu, wazazi wetu na vijana wenzangu, kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Nilipoombwa nizungumze nanyi mwezi huu, nilipewa mada ya amani ya nyumba. Mada nzuri. Lakini siwezi kuizungumza bila kuanza na nyumba yetu wenyewe.

Nilikuwa na miaka kama kumi, pale Mombasa, tuko kwenye daku. Mlango ukabishwa. Alikuwa khalati yangu, amejitupia buibui juu ya nguo ya kulalia, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna, mtoto mgongoni. Shavu limevimba. Bibi akampa chai, akamsikiliza. Kulipokucha akamwambia, "Rudi kwako mwanangu. Ndoa ni kuvumiliana. Na mwezi huu mtukufu, watu watasema nini?" Akarudi. Akavumilia miaka sita zaidi. Leo khalati hasikii sikio la kushoto, ukizungumza naye sharti ukae kulia kwake.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, na alimfanyia kama alivyofanyiwa yeye. Ndio maana leo sitaki kuzungumza na wanaopiga peke yao. Nazungumza na sisi tunaofungua mlango, tukampa mtu chai, kisha tukamrudisha.

Sasa hebu tutazame mlango mwingine. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda kuswali Alfajiri, akamkuta mwanamke mlangoni pake, gizani. Alikuwa Habiba bint Sahl, mkewe Thabit bin Qays. Amekuja kusema kwamba yeye na mumewe basi tena. Na katika riwaya ya Abu Dawud imeelezwa kuwa Thabit alimpiga mpaka akamvunja. Thabit naye si mtu wa hivi hivi, alikuwa sahaba na khatibu wa Mtume. Pamoja na hayo, katika riwaya hizo hatuoni Habiba akiambiwa arudi akasubiri, wala akiulizwa amemuudhi nini mumewe. Mume aliitwa, akaamrishwa apokee mali aliyompa na waachane. Habiba akaenda akakaa kwa jamaa zake. Kwao walimpokea!

Mimi nimesoma madrasa miaka tisa, na kisa hiki sikukisikia mpaka nilipofika chuo kikuu. Sijui kwa nini.

Najua kuna atakayenitolea aya ya Suratun-Nisaa. Ni hiyo hiyo kila siku. Aya inayoifuata, inayotaka mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke, hiyo haitajwi. Na Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Anayetaka kufuata sunna ya nyumbani, basi ndiyo hiyo.

Na tusidhani ni nyumba moja moja. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, wanawake 34 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15.

Tuje kwenye vitendo. Akija kwenu, usimuulize "Ulimfanya nini?" Muulize kama ameumia, na watoto wako wapi. Mume akipiga simu, usimwambie yuko wapi. Hospitali kwanza. Kama ameingiliwa kwa nguvu, hata na mumewe, asioge, na afike kabla ya saa 72 kupita, manake dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya hapo haifai. Polisi watampa fomu ya P3, daktari aijaze. Akikosa mtu wa kumwelekeza, simu 1195 ni ya bure.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kadhi anasikiliza ndoa, talaka na mirathi. Kupigwa ni kosa la jinai, hilo ni la polisi na mahakama nyingine. Na tangu mwaka 2015 kuna sheria ya dhuluma za nyumbani ambayo kwayo hakimu anaweza kutoa amri mume asimguse wala asimkaribie. Kwenda kwa Kadhi hakumzuii mtu kwenda polisi. Na yule ambaye bado hajawa tayari kutoka, msaidie tu kuweka kipande chake, cheti cha nikaha na vyeti vya watoto mahali pa salama. Usimharakishe, yeye ndiye anayejua hatari ya nyumba yake.

Nanyi ndugu zangu wa kiume mnaokaa barazani: mwenzenu akijisifu kuwa jana "amemtia adabu" mkewe, mnacheka. Ati alikuwa na saumu, hasira zilimpanda. Ramadhan hii msicheke, mumwambie ukweli mbele ya wenzake.

Khalati alikuja kutoka kwa fas-khi ya Kadhi. Sasa anakaa nasi, anapika mahamri ya kuuza. Wiki iliyopita mlango ulibishwa tena, karibu na daku, binti wa nyumba ya pili. Khalati ndiye aliyefungua, sijui alisikiaje. Akamtandikia chumbani kwake, na asubuhi wakatoka pamoja kwenda hospitali. Binti bado yuko kwetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.