Oili Ivujayo Nyuma ya Injini



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya injini ya V8 iliyotiwa katika magari ya Land Rover. Gari letu la kuchukua wagonjwa lililala siku tisa. Fundi aliona oili ikidondoka penye giaboksi, akahukumu kuwa sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. Giaboksi ikateremshwa, sili ikatiwa mpya, fedha ikaisha. Na oili ikadondoka vile vile.

Kumbe ubovu ulikuwa juu. Katikati ya safu mbili za silinda mna bonde, nalo hufunikwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Chini ya manifoldi kuna gasketi moja ya bati, na kila mwisho wa bonde sili ya mpira. Mpira ukikauka kwa joto, oili hupenya nyuma, ikashuka mgongoni mwa injini mpaka chini, ikamdanganya mtu.

Basi, kwanza pangusa injini yote, uiwashe, kisha umulike kwa taa nyuma ya manifoldi. Pakilowa, mwaga maji ya rejeta, maana hupita ndani ya manifoldi. Ondoa gasketi na sili kuukuu, usafishe chuma hata kisibaki na utelezi wa mafuta. Hapa ndipo wavivu hushindwa. Tia gasketi na sili mpya, na silikoni kidogo katika pembe nne, vichwa vinapokutana na bloku. Kaza boliti kidogo kidogo, toka katikati kwenda nje.

Sisi tulifanya hivyo, na giaboksi haikuguswa. Asubuhi yake mchanga chini ya gari ulikuwa mkavu.