Kipimo Kizuri Hutaja Kosa Lake



Mwaka 2000, Sebastián Otero, mtazamaji nyota wa ridhaa nchini Argentina, aligundua kwamba nyota ya Delta Scorpii, katika kundi la Nge, imeongeza mwanga. Spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, zikaonyesha sababu: nyota ilikuwa imejizungushia gesi, na mstari mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28, ulikuwa uking'aa. Hadi leo watazamaji wa ridhaa huupima mstari huo.

Sasa, ukiona kilele chake kimepanda kwa asilimia 2, utajuaje kama nyota ndiyo iliyobadilika?

Anza na nuru yenyewe. Hufika chembe moja moja, bila mpangilio. Ukihesabu chembe 100, hesabu huyumba kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Ukihesabu 10,000, huyumba kwa 100, yaani asilimia 1 tu. Kanuni ni kipeuo cha pili. Kwa hiyo, ukitaka kelele, yaani huko kuyumba kwa asilimia, ipungue nusu, kusanya nuru mara nne zaidi.

Kuipima kelele hiyo si kazi ngumu. Chagua kipande cha spektra kisicho na mistari, tafuta wastani wake, kisha uone nukta zinavyotawanyika. Wastani ukiwa 1 na mtawanyiko 0.02, nuru imeizidi kelele mara 50. Hapo, tofauti ya asilimia 2 kwenye nukta moja haithibitishi lolote.

Lipo kosa jingine, tena la hatari zaidi, kwa sababu halipungui kwa kurudia. Mizani ya duka ikiwa mbovu, hata sukari ipimwe mara kumi, mnunuzi atapunjwa mara kumi. Vivyo hivyo, urekebishaji wa urefu wa wimbi kwa taa ya neoni ukikosea nanomita 0.01 tu, kasi ya nyota, inayosomwa kutokana na mahali pa mstari, itakosewa kwa karibu kilomita 4.6 kwa sekunde. Dawa ni kuhakiki kwa mistari ya mvuke wa maji wa angahewa letu, iliyo jirani na mstari wa haidrojeni: mahali pake panajulikana.

Basi, msikilizaji, katika usiku mmoja piga spektra kadhaa, pima kila moja peke yake, linganisha majibu, kisha andika kosa kando ya kila namba. Mtafiti atakayeisoma miaka ijayo atajua aiamini kwa kiasi gani.