Jengo Likibomolewa, Jirani Analindwa na Nani?

Wasikilizaji wetu, habari ya ghorofa lililoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, Jumamosi ya Novemba 16, 2024, mmeisikia, na hatutairudia yote hapa. Siku za mwanzo vifo vilivyotangazwa vilifika 20, waliookolewa walikuwa zaidi ya 80, na Waziri Mkuu wa wakati huo aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo lote. Timu hiyo tuliiunga mkono. Wasiwasi wetu ni kile kinachofuata baada ya ukaguzi.

Ukaguzi ukifanyika kweli, utazaa amri. Jengo hili livunjwe, lile lipunguzwe ghorofa. Tingatinga litakuja. Na Kariakoo mnaijua: ukuta wa jengo moja umegusana na ukuta wa jengo la pili, chini kuna maduka, juu wanalala watu, mbele ya duka yuko machinga, pembeni yake mama ntilie na moto wake, na mkokoteni hauna pa kupita. Jengo likibomolewa katikati ya watu hao, jirani analindwa na nani?

Mpaka leo tulichozoea kuona ni alama ya X. Anakuja mtu na rangi nyekundu, anachora X ukutani, anaondoka. Mwenye nyumba anajua maana yake. Jirani hajui lolote. Hajui mkandarasi ni nani, kazi itaanza lini, umeme utakatwa na nani, mtoto apite njia ipi kwenda shule. X haina namba ya simu. X haisemi kifusi kitaangukia upande gani.

Tulilisema hili wakati wa bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Tukalisema tena 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara. Huko watu walibomoa wenyewe kwa nyundo ili waokoe mabati, milango na nondo, kuta zikibaki zimesimama nusu na watoto wakipita chini yake. Hatukuwa na ugomvi na barabara, inatusaidia sote. Ugomvi wetu ulikuwa ile X, na bado ni ile X.

Kuna wanaodhani jirani yuko mbali na hatari. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapa Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza mpira jirani. Watoto wale hawakuwa mafundi, wala hawakuwa wapangaji wa jengo lile. Walikuwa jirani tu. Pembeni likabaki jengo jingine, serikali ikaamuru libomolewe. Miaka ikapita jengo likiwa limesimama, na watu chini yake wakiendelea na maisha, kwa sababu kuamuru ni jambo moja na kubomoa ghorofa katikati ya makazi bila kumuumiza mtu ni jambo jingine kabisa.

Hiyo ni kazi ya ujuzi. Ghorofa hubomolewa kuanzia juu kushuka chini, sakafu kwa sakafu, na mhandisi awe amekwisha kutazama ni nguzo ipi inabeba nini. Umeme na maji hukatwa kwanza. Uzio wa mabati huwekwa, wavu hufungwa, vumbi humwagiwa maji, kwa sababu vumbi la zege likivutwa siku baada ya siku huharibu mapafu. Paa la asbesto halipigwi nyundo: huvuliwa zima zima likiwa limeloweshwa, na wavuaji wamejikinga. Nyumba ya jirani hukaguliwa kabla, nyufa zake zikaandikwa, ili ufa mpya ukitokea pasiwe na ubishi wa nani alipe. Jioni vijana wa vyuma chakavu wanapokuja kufukua nondo, pawe na mlinzi wa kuwazuia. Wapo wanaoumia saa hizo, mitambo ikiwa imekwisha kuondoka.

Na msituambie sheria hakuna. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, haikuandikwa kwa ajili ya mfanyakazi peke yake. Inataka walindwe pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi hiyo. Watu hao ni nani kama si jirani? Ni yule mama wa chapati. Ni mtoto anayetoka madrasa. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) upo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo, halmashauri ipo. Wote wapo. Ukutani ipo X.

Basi tunasema wazi. Waheshimiwa mnaokagua majengo, msitoe amri ya kubomoa jengo hata moja bila kuandika katika amri hiyo hiyo jirani atalindwaje, na nani, kuanzia lini. Mkurugenzi wa jiji, usiruhusu tingatinga kuingia mtaani kabla ya ubao wenye jina la mkandarasi na namba ya simu inayopokelewa. Mkandarasi, usianze kazi usiku watu wamelala.

Na wewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wewe mjumbe, usisubiri barua. Chukua daftari leo. Pita mlango kwa mlango, andika nani analala nyumba zinazolizunguka jengo lenye X: wazee wangapi, watoto wangapi, nani mgonjwa asiyeweza kutembea. Siku tingatinga likifika, simama mbele yake na daftari hilo, na lisisogee mpaka kila uliyemwandika awe ametoka.