Daftari Moja la Bonde Letu
Hotuba ya wanakwaya katika sherehe ya Jubilei ya Miaka 25



Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu sisi waimbaji, na leo ni Sherehe ya Kristo Mfalme. Tumepewa dakika kumi. Historia ya kwaya, tangu mwaka 2000 tulipokuwa na ngoma moja, kayamba moja na waimbaji wasiojaa mabenchi mawili, mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, pamoja na majina ya walimu wetu na ya wenzetu waliotutangulia kwa Bwana. Kwa hivyo dakika zetu tumeamua kuzitumia kwa jambo moja tulilojifunza tukiwa tumechelewa.

Wengi wenu mlipoingia asubuhi mlituuliza: kwaya inawezaje kusherehekea miaka 25 ikiwa na sare iliyopauka? Swali hilo ni la haki. Mapema mwaka 2024 tulianza kuchanga pesa za sare ya jubilei. Kila mmoja alitoa kidogo kidogo baada ya mazoezi ya Jumamosi, mweka hazina akaandika, na kufikia Pasaka tulikuwa tumeshaongea na fundi na kuchagua kitambaa. Kisha mto ukaja.

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja kingo zake. Bonde hili tunaloishi lilikuwa machimbo ya mawe hapo zamani, na nyumba nyingi za mabati zimejengwa chini kabisa, hatua chache kutoka majini. Watu waliamka maji yakiwa yamefika kitandani. Wengine walipanda juu ya paa na watoto mgongoni. Wengine hawakuwahi. Siku tano baadaye tulisikia habari za Mai Mahiu, ambako maji yalisomba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Masika yale yalipokwisha, zaidi ya watu 200 walikuwa wamefariki nchini. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei.

Tulikutana hapa kanisani siku hiyohiyo. Hakuna aliyepinga pesa za sare zitumike. Tulinunua unga, mafuta ya kupikia, sukari na sabuni, tukavaa fulana za kwaya, tukabeba bango letu, tukaenda kugawa uwanjani ambako watu walikuwa wamekusanyika. Jioni tulirudi tumechoka, tumeridhika. Picha tulipiga nyingi.

Leo tunataka kukiri mbele yenu mambo matatu ambayo picha zile hazikuonyesha.

La kwanza ni kwamba hatukuwa peke yetu uwanjani. Kabla yetu walikuwa wamefika ndugu zetu wa msikitini, na baada yetu wakaja akina mama wa soko. Sote tulileta unga. Kuna familia iliyoondoka pale na pakiti sita, na familia hiyo haikuwa na jiko wala sufuria, kwa sababu vyote vilikwenda na maji. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameleta sufuria, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuliza.

La pili ni kwamba waliofika uwanjani ni wale waliokuwa na miguu ya kuwafikisha. Ng'ambo ya mto walibaki wazee wasioweza kutembea, mama aliyejifungua juma lile, na wagonjwa ambao dawa zao zilisombwa. Mtu anayemeza dawa za ARV au za kifua kikuu kila siku akizikosa kwa siku kadhaa, huo ni msiba mwingine, na unga hauwezi kumsaidia. Hao hawakutuona kabisa, nasi hatukuwaona.

La tatu ndilo linalotuuma hadi leo. Dada yetu mmoja wa sauti ya pili hakuja mazoezini kwa majuma mawili. Tuliita jina lake, tukasema labda amekwenda ushago. Kumbe chumba chake kilikuwa cha kwanza kuchukuliwa na mto. Alikuwa analala na watoto wake wawili ndani ya saluni ya rafiki, juu ya viti. Siku tulipokuwa tunagawa chakula alikuja hadi kwenye lango la uwanja, akaliona bango letu, akageuka. Hakutaka kuonekana akipokea unga kutoka kwa watu anaoimba nao. Ameturuhusu tusimulie haya bila kutaja jina lake, na leo yuko hapa mbele akiimba.

Tulimpata vipi? Hatukumpata sisi. Alimpata mhudumu wa afya ya jamii, mama anayetembelea takriban nyumba 100 katika eneo lake na kujua nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Mama huyo alikuja kutuona baada ya Misa, akatuambia maneno ambayo hatujayasahau: "Ninyi mna unga, mimi nina majina. Kwa nini hatuongei?"

Ndipo tukaanza kuongea. Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa parokia. Walikuja wahudumu wa afya, akina mama wa soko na chama chao, vijana wanaozoa taka na kusafisha kingo za mto, kamati ya msikiti, walezi wa kituo cha watoto wachanga, na sisi. Tungependa kuwaambia kwamba tulikaa kwa upendo na kuelewana. Ukweli ni kwamba kwa saa nzima tulibishana kuhusu mabango. Kila kikundi kilitaka bango lake litangulie, na sisi wanakwaya tulikuwa wa kwanza kupaza sauti. Mwisho wake kijana mmoja wa taka akauliza kama mtu mwenye njaa husoma bango kabla ya kula. Tukanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna bango linalobebwa wakati wa kugawa kitu katika bonde hili.

Baada ya hapo tulifungua daftari moja. Linaandikwa jina la mwenye nyumba au mpangaji, idadi ya watu wanaolala humo, na mahitaji yao. Kila kikundi kilileta kile kinachokijua. Vijana wanajua njia zote za chini, hata zile ambazo sisi tunaogopa kuzipita. Akina mama wa soko wanajua nani amekopa mboga siku tatu mfululizo. Msikiti unajua familia zake, nasi tunazijua jumuiya zetu. Tulipoyaweka majina pamoja, tuliona kuna nyumba zilizoandikwa na vikundi vinne na nyumba ambazo hazikuandikwa na yeyote.

Kisha tukagawana kazi. Akina mama wa soko wananunua chakula, kwa sababu wanajua bei na hawapunjwi. Vijana wanabeba mizigo na kuvuka mto. Kituo cha watoto kinashughulikia nepi, maziwa na nguo za wachanga. Wahudumu wa afya wanapeleka dawa ya kutibu maji na kuwasindikiza wagonjwa kliniki. Habari za ugonjwa wa mtu haziandikwi katika daftari la wote. Hizo hubaki kwa mhudumu wa afya, kwa sababu ni siri ya mgonjwa, na pia kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai hivyo. Sisi wanakwaya tulipewa kazi ya kuandika na kutangaza, maana tuna watu wenye mwandiko mzuri na sauti zisizohitaji kipaza sauti.

Daftari hilo lilitusaidia kwa namna ambayo hatukuitarajia. Mwezi Mei nyumba za kando ya mto zilipoanza kubomolewa, serikali ilitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Mpangaji aliyepoteza kitambulisho na stakabadhi za kodi angethibitisha vipi kwamba aliishi pale? Tuliweza angalau kusimama naye kwa wazee wa mtaa na kusema: huyu tulimwandika, nyumba yake ilikuwa hapa, watoto wake ni hawa. Hatukufaulu kwa wote. Lakini mtu aliyesindikizwa na vikundi sita husikilizwa tofauti na aliyekwenda peke yake.

Kuhusu pesa tutasema wazi, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi hufia. Tulikubaliana kuwa na mfuko wa pamoja wenye watia sahihi watatu, wawili wao wakiwa akina mama, na hakuna wawili wanaotoka kikundi kimoja. Hesabu husomwa kwa sauti kila mwezi, mara hapa, mara sokoni, mara msikitini. Yeyote anaweza kuuliza. Mara moja iliulizwa kwa nini magunia mawili ya maharagwe yaliandikwa bei tofauti siku moja, na mnunuzi akalazimika kurudi dukani kuleta risiti. Aliudhika, lakini risiti ilipatikana, na tangu hapo watu waliongeza michango yao.

Yako pia yaliyoshindikana. Shirika moja kutoka nje ya mtaa lilituahidi magodoro, tukawatangazia watu, wakapanga foleni tangu alfajiri, na gari halikuja. Aibu ilikuwa yetu. Tulijifunza kutotangaza kitu ambacho hakijafika. Kikundi kimoja kilijiondoa kwa sababu mfadhili wake alitaka orodha yake pekee. Hatugombani nacho, na mlango uko wazi.

Wapo wanaotuambia kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, kama kila nahodha anashika usukani. Lakini hakuna kikundi kilichovunjwa ili kuunda hiki. Msikiti una kamati yake, chama cha akina mama kina cheti chake na mzunguko wake wa kila Ijumaa, nasi tuna mwalimu wetu na mazoezi yetu. Tunachochangia ni daftari, mfuko na mkutano wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Sisi waimbaji tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wote. Besi haigeuki kuwa soprano ili wimbo ukamilike. Ila besi asiyemsikia soprano anaharibu wimbo hata kama sauti yake ni nzuri.

Sasa tunafika kwenye ombi letu, maana mmeshajua kwamba hotuba ya jubilei haikosi harambee.

Mchango wa leo ulipangwa kuwa wa kinanda kipya na sare. Tulijadiliana kwa mazoezi mawili mazima, na hatutawaficha kwamba wako wenzetu ambao bado hawajakubali kwa moyo wote. Tumeamua kwamba nusu itakwenda kwenye kinanda, kwa sababu hiki cha sasa kinanyamaza katikati ya Misa na kutuaibisha mbele ya wageni. Nusu nyingine itaingia katika mfuko wa pamoja wa bonde. Sare itasubiri.

Tumeamua hivyo kwa sababu masika yanarudi mwezi Machi, na mto hautatuuliza kama tumejiandaa. Daftari letu limezeeka. Wapangaji wamehama, wengine wamerudi kujenga palepale kwa kukosa kodi ya kwingine, watoto wamezaliwa. Kabla ya Krismasi tunataka kupita nyumba kwa nyumba tena. Tunataka kununua na kuweka akiba ya sufuria, blanketi na kamba kabla mvua haijaanza kunyesha, bei ikiwa bado ya kawaida.

Kwa hivyo tunawaomba mambo mawili. Toeni kadiri mlivyojaliwa. Na kama una kikundi, hata kiwe cha watu kumi wa kununuliana vyombo, mtume mtu mmoja Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nane mchana, katika ukumbi wa parokia. Asije na bango. Aje na majina ya watu anaowajua.

Tunawashukuru walimu wetu kwa uvumilivu, familia zetu kwa kutungoja tukirudi usiku kutoka mazoezini, na mapadre wetu kwa kutukubalia kutumia ukumbi hata siku ambazo tuliuacha umejaa tope. Tunawashukuru majirani zetu Waislamu walio hapa nasi leo. Na kwa dada yetu wa sauti ya pili tunasema mbele ya watu wote: utusamehe. Hatutaita tena jina la mtu asiyekuwepo na kuendelea na wimbo.

Mungu awabariki. Karibuni chakula, na tafadhali wageni watangulie.