Wakili Kijana, Utajulikana kwa Lipi?

(Mada iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sheria na mawakili wachanga)

Nimeambiwa nisirefushe maneno, maana futari haingoji mtu. Basi nina jambo moja tu: mawakili ni wengi, lakini mwananchi mwenye shida yake bado huzunguka mji mzima asimpate wa kumfaa. Yawezekanaje?

Hebu tuangalie. Ukimaliza digrii, ukapita Kenya School of Law, ukafanya miezi 6 chini ya wakili mzoefu kisha ukaapishwa, unatoka na cheti sawasawa na cha mwenzako. Joho ni moja, na kibao mlangoni kimeandikwa maneno yale yale. Mteja atakutofautisha kwa lipi? Wengi wetu hujibu, "Mimi nafanya kesi zote." Jibu hilo ndilo linalotupoteza. Anayefanya kila kitu hakumbukwi kwa chochote.

Chukua mfano wa hapa kwetu Mombasa. Mzee amefariki Majengo. Wazazi wake walimtangulia, na ameacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Mali yake ni nyumba, nayo ni nyumba bila ardhi: alijenga kwenye ploti ya mtu kwa makubaliano, akawa analipa kodi ya ploti. Mama hajatoka eda, barua inaletwa: ploti imeuzwa, watu wahame.

Familia hii ina mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mirathi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Yakishatolewa madeni na wasia, mali inagawanywa mafungu nane. Mama apata moja, kila mvulana mawili, kila msichana moja. Hesabu inatimia.

La pili ni ardhi, na mlango wake ni mwingine: Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapo vijana watakwambia, "Mzee amekaa hapa miaka 40, na sheria yasema ukikaa miaka 12 ardhi ni yako." Wakili asiyeijua kazi hii atachukua pesa afungue kesi. Anayeijua atauliza kwanza: "Mzee alikuwa akilipa kodi? Nileteeni risiti." Kwa sababu miaka 12 ile ni ya mtu aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ukilipa kodi umekaa kwa ruhusa, na miaka hiyo haikusaidii. Risiti ambazo mama amezitunza sandukuni akidhani ni ngao yake, ndizo zitakazoiangusha kesi ya miaka 12. Lakini risiti hizo hizo zaweza kuwa ushahidi kwamba walikaa kwa makubaliano na nyumba ni yao. Basi wakili huyu hafungui kesi ya kushindwa. Anakaa na aliyenunua ploti wazungumze notisi na thamani ya nyumba, na chochote kitakachopatikana anajua kigawiwe vipi.

Mnaona tofauti? Wakili wa kwanza ana sheria, wa pili ana sheria na anawajua watu wake. Wenye kuijua Mahakama ya Kadhi wapo, na wenye kuijua ardhi wapo. Mwenye kuyajua yote mawili ni adimu, na adimu ndiye anayetafutwa. Wala kazi haiishi kesho. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wajitokeze waandikishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Sheria ile ilifutwa 2012, lakini kesi zilizozaliwa nayo bado ziko kortini.

Msidhani kazi ya mtaani ni ndogo. Wakaazi wa Lamu walikwenda kortini 2012 juu ya bandari ya LAPSSET. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi kama hiyo haiandikiki vizuri na mtu asiyejua mvuvi anaishi vipi, anatega wapi na msimu gani.

Sasa, mteja akishakuja, utambakisha kwa mambo matatu. Moja, mweleze kwa Kiswahili. Makaratasi ya korti ni ya Kiingereza, naye anaweka sahihi asichokielewa. Msomee, mfafanulie, ndipo atie sahihi. Pili, mwambie ukweli mapema. "Mama, hapa kesi huna" ni neno zito, na litakukosesha ada ya leo. Lakini mama huyo ndiye atakayekuletea jirani zake watano. Tatu, pesa ya mteja si yako. Kanuni zinataka ikae akaunti ya peke yake. Ada iandikwe, risiti itolewe. Ukiguswa na tuhuma ya pesa za marehemu, hakuna elimu itakayokusafisha mtaani.

Je, kujitangaza? Zamani wakili wa Kenya alikatazwa kabisa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikasema marufuku ya moja kwa moja inapingana na Katiba, na 2014 zikatoka kanuni za matangazo. Zisomeni. Lakini tangazo lenye nguvu ni kuwafundisha watu bure: saa moja baada ya Alasiri ukieleza wasia unaandikwaje, au kabla ya kununua ploti mtu atazame nini ofisi ya ardhi. Watu hawamsahau aliyewafumbua macho.

Basi kila mmoja wenu akitoka hapa ajiulize: ni shida gani ya watu wangu ninayoweza kuijua kuliko yeyote? Uchague moja, uisome miaka mitano bila kuchoka. Huko Majengo yuko mama ameshika barua, na hajui amwendee nani.

Wabillahi tawfiq.