Amana ya Msimamizi wa Kazi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), leo tuzungumze juu ya haki ya mtu wa chini kusema analoliona kazini, na haki ya mwili wake kupumzika.

Katika mwaka wa 2 wa Hijra, kabla ya vita vya Badri, wanahistoria wanaeleza kuwa Hubab bin Mundhir alimwuliza Mtume kama mahali walipopiga kambi palichaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri jeshi lisogee hadi kwenye kisima kilicho karibu na adui. Mtume aliikubali shauri hiyo, na jeshi likahama.

Sasa utazameni msiba wa Marekani wa tarehe 28 Januari 1986. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa roketi za chombo cha angani Challenger walionya kuwa kwa baridi ile, pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hazingeaminika. Wakuu wa kampuni yao waliipuuza rai hiyo, wakatoa idhini. Chombo kiliruka, na baada ya sekunde 73 kikavunjika. Watu 7 wakafa. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa onyo lile halikuwafikia wenye neno la mwisho, na kwamba baadhi ya wakuu walikuwa wamelala kidogo mno.

Basi wewe uliyekabidhiwa kazi, iwe ujenzi wa shule au uchimbaji wa kisima, mtu akikuletea habari mbaya, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimkaripia leo, kesho ataona ufa ukutani naye atanyamaza. Wala usiwakesheshe watu kwa ajili ya tarehe uliyoipanga bila ya kuwauliza. Abdallah bin Amr alipozidisha saumu na kisimamo cha usiku, Mtume alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada imewekewa kiasi, seuze kazi ya mshahara?

Nawe mfanyakazi, sema kwa adabu, na useme mapema, maana kuficha hatari ni khiyana.

Mwenyezi Mungu atujaalie wasimamizi wasikivu na ndimi za kweli. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.